Siku Tuliyohamisha Viti

Mara ya kwanza kumwona dani akitembea bila mimi, nilipiga kelele. Wanaonijua watashangaa, kwa sababu mimi si mtu wa kelele. Hata dukani nikitaka chumvi, husubiri wateja wengine waondoke ndipo niseme. Lakini siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye lango la ile nyumba ya wazee upande wa Kisian, nimeshika mfuko wa ndizi, nikamwona nyanya yangu, ambaye sisi humwita dani, anatoka mlangoni peke yake. Mbele yake hakukuwa na mtu. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Fimbo nyembamba nyeupe ilikuwa inagusa chini upande wa kushoto, kisha wa kulia, na yeye anaifuata akiwa amenyooka, kama mtu aliyeitwa ofisini kuchukua kitu chake.

Nikapiga kelele. Akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mimi tu.

"Basi nyamaza, unanipotezea njia."

Akaja mpaka langoni, akanigusa bega, akachukua mfuko wa ndizi, akageuka nao. Nilimfuata nyuma. Nilikuwa sijawahi kumfuata dani nyuma tangu macho yake yaharibike. Siku zote mimi ndiye nilikuwa mbele.

Kwetu Asembo Bay, mtu asiyeona huongozwa kwa fimbo. Mtoto hushika ncha ya mbele, mzee hushika ncha ya nyuma, wakaenda hivyo sokoni, kanisani, matangani, popote. Mtoto huyo huwa ni wa nyumbani, na hakuna anayeona kuwa ni kazi. Ni heshima. Dani alikuwa mwanamke wa kuuza omena na samaki wakavu ufuoni, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mashua, halafu akapata presha ya macho. Kuona kwake kulianza kupungua pembeni, kidogo kidogo, kama mlango unaofungwa na mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa nakaa naye kwa sababu wazazi wangu walikuwa Awasi, kwenye mashamba ya miwa. Nilipomaliza darasa la nane, mlango ule ulikuwa umefungika kabisa, nami nikashika fimbo.

Sikuchukia. Nilimpenda, na nilikuwa hodari. Nilijua kwa uzito wa mkono wake kama amechoka, kama ana hasira, kama amesikia sauti ya mtu asiyempenda na anataka tupite haraka. Wasichana niliosoma nao walipita barabarani wakienda sekondari, tukasalimiana, wakaenda zao. Mimi na dani tukaenda zetu.

Kisha fundi mmoja wa cherehani wa Kisumu, mwanamke wa kanisa letu, akasema yuko tayari kunifundisha kazi. Wazee wa nyumbani wakakaa. Baba mkubwa, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa dani, akasema ni vizuri msichana aende akapate ujuzi. Na fimbo? Fimbo, akasema, itashikwa na mjukuu wake wa darasa la tatu. Ni siku za soko tu na siku za kanisa. Labda na siku za hospitali.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilijua hizo siku za soko tu zinavyoendelea. Sikusema kitu, maana mbele ya wazee mtu kama mimi huleta maji ya kunawa, haleti maneno. Dani ndiye alisema. Alisema kule kliniki ya macho Kisumu muuguzi alitueleza habari za nyumba ambamo wazee wasioona hukaa pamoja na kufundishwa kujisaidia wenyewe, na yeye anataka kuijaribu.

Nyumba nzima ilikasirika. Mama mwenye watoto wa kiume walio hai akalishwe na watu? Ufuo wote utasema wamemtupa. Lakini dani alishikilia, na baba mkubwa, ambaye hawezi kubishana na mama yake kwa muda mrefu, akakubali muhula mmoja. Akaweka sharti. Shule zikifungwa atakuja mwenyewe kuona. Akimkuta mama yake amekaa tu kwenye kiti akingoja kuchukuliwa huku na huku, atamrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na mtoto atashika fimbo.

Ndivyo dani alivyoingia ile nyumba, nami nikaingia kwenye chumba cha fundi wangu nyuma ya soko, na kila Jumapili baada ya ibada nikawa nakwenda kumwona.

Nikaanza vibaya. Kwetu mtoto mwenye adabu huingia polepole, hukaa pembeni, hungoja kusemeshwa. Kwa tabia yangu, hilo lilikuwa rahisi. Kumbe katika nyumba ile kukaa kimya ni kukosa adabu kuliko kutukana. Siku za mwanzo nilikaa sebuleni nikimngoja dani, na kando yangu alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa mjini Kisumu, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla ya ugonjwa wa sukari kumnyang'anya macho. Aliposikia najifunza kushona, alianza kunieleza jinsi ya kujua pamba halisi kwa vidole, na wanawake gani walimdanganya, na yeye aliwadanganya wangapi. Nikamwona dani anatokea, nikainuka taratibu ili nisimkatize, nikaenda. Mzee aliendelea. Alikieleza kiti habari za ndoa yake ya kwanza mpaka mwisho, akauliza swali, akangoja jibu.

Alipoambiwa kuwa niliondoka zamani, alisema, "Hicho kiti sasa kinajua siri zangu zote. Kisiuzwe."

Watu walicheka mpaka dani akalazimika kukaa. Kuanzia hapo nilitakiwa kusema nikiingia na kusema nikitoka, kama wengine wote. Ni mimi, naingia. Ni mimi, natoka. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na mzee wa vitambaa akauliza ni nani ameacha dirisha wazi, mbu wanaingia.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mambo mengine ambayo yalinifurahisha sana nilipoyaelewa. Kila mlango ulikuwa umening'inizwa kitu chake: mmoja kipande cha gunia, mwingine kifungo kikubwa, mwingine ganda la konokono. Wa dani ulikuwa na kipande cha wavu wa samaki. Alichagua mwenyewe, na ulinuka vizuri tu. Mkono ukigusa, unajua uko wapi. Sahani ilipakuliwa kwa utaratibu uleule, ugali upande wako, mboga kushoto, samaki mbele, ili vidole visitafute. Chai ilimiminwa kwa sikio, maana kikombe kinachojaa hubadilisha sauti yake, na dani alinifanya nifumbe macho mpaka nami nikaisikia. Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya viti. Kila kiti kilikuwa na mahali pake, meza na ndoo na viatu pia, na aliyekisogeza alikirudisha. Mlezi wa nyumba, mama mmoja mnene mwenye huruma nyingi na sauti kali, alikuwa akisema kwamba humu ndani kuta na viti ndiyo macho, na hakuna ruhusa ya kuhamisha macho ya mtu.

Kila Jumapili nilikuta jambo jipya. Jumapili moja dani alikuwa anafua. Nyingine alikuwa jikoni anaparua samaki na kuwafokea wasichana wa jikoni kwa kutupa vichwa. Nyingine hakuwepo kabisa. Alikuwa amekwenda kibandani kununua sabuni na mwenzake, wote wawili hawaoni, wote wawili wanabishana njiani nani anajua njia. Nilirudi kwa fundi wangu nikiwa siwezi kulala kwa furaha. Nilikuwa namshonea dani gauni, gauni langu la kwanza kukata mwenyewe, na mguu wangu kwenye cherehani ulikuwa unakimbia kuliko mkono.

Kisha shule zikafungwa, na baba mkubwa akapiga simu. Anakuja Jumapili, yeye na mkewe, na mzee mmoja wa kanisa, na mtoto.

Nilifika mapema na gauni kwenye mfuko. Nikakuta nyumba imejaa mikono. Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kusaidia, mlezi alikuwa jikoni tangu asubuhi, na kila mtu alitaka wageni waone mahali pazuri. Nikavua viatu nikajiunga nao. Mgeni kwetu hupangiwa viti. Tulisukuma viti ukutani kwa mistari, vikatazamana, kama siku ya kutoa mahari. Tulileta meza ndefu kutoka ghalani, tukaiweka katikati, tukaitandika kitambaa cheupe, tukapanga soda na maua. Tulitandika mkeka kwenye ujia. Mama mmoja akaona yale magunia na vifungo milangoni yanaaibisha, akayaondoa, na wavu wa dani akaushika kwa ncha za vidole. Mlezi alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama, akasema papendeza mno.

Kweli palipendeza. Wazee walikuwa vyumbani wanavaa. Nilimpelekea dani gauni, nikamfunga vifungo, akapitisha vidole kwenye mishono yote, kisha akanipiga kidogo shavuni. Hilo kwangu lilikuwa kama cheti. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikukumbuka chochote kingine.

Gari likaingia. Baba mkubwa ni mtu mkubwa kwa mwili pia, alikuwa na mashua zamani, na akiingia mahali hewa husogea. Alisalimia, akaonyeshwa kiti kizuri karibu na dirisha, akakaa. Mkewe akakaa. Mzee wa kanisa alipewa kiti cha mikono kilichokuwa kimebaki pembeni mahali pake pa siku zote. Mtoto alisimama kati ya magoti ya babu yake, amevaa sare ya shule ingawa shule zimefungwa, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri.

Dani akaitwa.

Alitoka bila fimbo, kwani ndani ya nyumba alikuwa hahitaji. Alitoka kwa mwendo wake mpya, ule wa kwenda kuchukua kitu chake, akiwa tayari ametabasamu kuelekea sauti ya mwanawe. Nilikuwa namtazama baba mkubwa, nataka kuona uso wake atakapomwona. Ndipo nikasikia kishindo. Paja lake lilikuwa limegonga ile meza. Soda mbili zilianguka, moja ikavunjika, nyingine ikabingirika mpaka miguuni pa mtoto.

Dani alirudi nyuma, akakanyaga ukingo wa mkeka, akayumba. Akanyoosha mikono mbele. Nikaiona ile mikono inavyorudi kuwa ya zamani, vidole vimetanuka, vinaomba hewa imwambie kitu.

Baba mkubwa aliinuka upesi, akamshika, akamkalisha kiti cha karibu. Akasema pole mama, pole sana. Uso wa dani ulikuwa umefungwa. Alikuwa anasikiliza chumba na chumba hakimjibu. Na baba mkubwa, kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira, akamgeukia mlezi akamshukuru kwa kumtunza mama yake. Akasema wao si watu wa kulaumu. Lakini kila mtu amejionea. Tutakunywa chai, kisha mama atakusanya nguo zake. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, akamwambia mtoto aende amshike dani mkono, aanze kuzoea.

Mtoto akaenda. Akauchukua mkono wa dani kwa mikono yake miwili kama mtu anayebeba bakuli.

Na wakati huohuo mzee wa vitambaa akaingia kutoka upande wa pili, ana kofia yake safi, anakuja kwa raha kusalimia wageni. Akapapasa mlangoni pake pa kutokea, asikute alama yake, akasita, lakini akasonga mbele. Kiti chake ndicho pekee ambacho hakikuhamishwa. Alikifikia, akageuka, akakaa.

Akakaa juu ya mzee wa kanisa.

Mzee wa vitambaa alipapasa chini yake kwa heshima.

"Leo kiti changu kina magoti," akasema.

Mkewe baba mkubwa ndiye alianza kucheka, akajaribu kuficha kwa leso, akashindwa. Mzee wa kanisa mwenyewe akacheka chini ya mzigo wake. Wakasaidiana kuinuka. Lakini mzee wa vitambaa hakucheka. Alibaki amesimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza.

"Nani amehamisha nyumba?" akauliza.

Hapo ndipo nikaelewa, na nadhani mlezi alielewa pamoja nami, maana alijishika kichwa. Nilikuwa nimesimama karibu na baba mkubwa, na nikasikia mtu anaongea, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Unasema nini?" baba mkubwa akauliza. Hakusikia.

Nikasema tena, kwa nguvu. "Baba, naomba usimame. Hapo ulipokaa si mahali pa hicho kiti."

Sijui kama naweza kueleza kitu hicho kwa mtu asiye wa kwetu. Msichana hamwinui baba mkubwa kwenye kiti alichopewa kama mgeni. Mkewe aliacha kucheka. Lakini maneno yalikuwa yameshafunguka na hayakutaka kurudi, nikamwambia yote kwa mfululizo: kwamba dani huvuka chumba hiki kila siku bila kugusa kitu, kwamba meza hii jana haikuwepo, kwamba sisi wenye macho tumeingia asubuhi tukaichukua nyumba yake tukampa nyingine, kwa sababu tulitaka uione nzuri. Nikasema si dani aliyepotea. Ni viti.

Baba mkubwa akainuka, akakishika kiti kwa mkono mmoja, akasema, "Kinakwenda wapi?"

Nilitaka kumjibu, ila dani aliniwahi. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kufika kwenye mashua.

"Kwanza meza itoke. Meza hii haikuzaliwa humu."

Basi kukawa na vurugu ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Mzee wa kanisa na mlezi walibeba meza, soda zikigongana. Mkewe baba mkubwa alikunja mkeka. Wazee wengine walikuwa wamefika milangoni kwa kusikia kelele, na kila mmoja alidai kiti chake na kueleza mahali pake: cha kwangu kinatazama mlango wa jikoni, nasikia sufuria nikikaa, cha kwangu kiko mahali jua la asubuhi linanipiga goti la kulia. Waliokuwa na macho wakakimbia na viti, wasioona wakawaelekeza. Mama wa jirani alizunguka na gunia na vifungo akiuliza kila mtu mlango wake. Mtoto alipewa ganda la konokono, akakimbia nalo akicheka.

Baba mkubwa alikuwa na viti viwili, kila mkono kimoja, na dani anamwongoza kwa mdomo.

"Zaidi. Zaidi. Sasa umepita. Rudi. Wewe mtu wa mashua, huwezi kuegesha kiti?"

"Mama, mashua ilikuwa na maji chini yake."

"Hukuegesha hata hiyo. Ilikuwa inagonga mawe, mimi nasikia aibu ufuoni."

Hata yeye alicheka. Jasho lilikuwa linamtoka. Akakiweka kiti, dani akainuka, akaenda kukigusa, akakisogeza kidogo sana, kiasi ambacho mimi nisingekiona, akasema sasa.

Kisha akaenda jikoni. Alivuka sebule kwa mwendo wake, akagusa ukingo wa mlango bila kusimama, akapotea, akarudi na chupa ya chai kwapani na vikombe vimening'inia kwenye vidole. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, akamwekea kikombe mkononi, akamimina. Nilisikia sauti ya chai inapanda, inakuwa nyembamba, na ikakoma mahali hasa pa kukoma. Akawapa wote, mmoja mmoja, mzee wa kanisa, mkwewe, na mtoto akampa nusu. Baba mkubwa, kwa kufurahi, akavuta kiti chake mbele ili awe karibu na mama yake.

"Rudisha," akasema mzee wa vitambaa kutoka kwake.

Akarudisha.

Lakini baba mkubwa hakuwa amemaliza. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akasema anaona, na anafurahi, na hawezi kusema uongo. Ila ndani ya nyumba hii ni jambo moja, na nyumbani ni jambo lingine. Nyumbani watu wanauliza. Kila akipita ufuoni wanamuuliza mama yuko wapi, na jibu linamkwama. Alisema hayo akiwa anatazama mikono yake, na niliona kwamba hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anaona aibu, na aibu ile ilikuwa inamuuma kweli.

Dani alikaa. Alimwita mtoto, akamweka kando yake, akamshika kichwa, akapapasa nywele zilizosukwa kwa ajili ya safari.

"Wewe uko darasa la ngapi?"

Mtoto akasema la tatu. Anaingia la nne.

"Nilipokuwa nakaa mlangoni pangu," dani akamwambia mwanawe, "nangoja mtu aje anitoe kama mbuzi, hao watu walikuwa wanapita. Walikuuliza nini?"

Baba mkubwa aliinama akaokota kikombe chake.

"Hawakuuliza. Walikuwa wamenizoea. Yule msichana aliyekuinua kwenye kiti, nilimchukua akiwa ametoka tu kumaliza darasa la nane, na hakuna aliyeniuliza. Hata mimi sikujiuliza. Huyu sitamchukua." Aliuacha mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. "Nitakuja Krismasi. Mnipokee kama mgeni, mnichinjie kuku. Kisha mnirudishe kwangu."

Alisema kwangu. Mlezi aligeuka akaenda dirishani kufanya kitu kwenye pazia. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu kama ningetazama kitu kingine ningepiga kelele tena. Sikuwa nimewahi kumsikia akinitaja hivyo, kama mtu ambaye alichukuliwa. Haikuniuma. Ilinipa nguvu nisiyoijua, kama nimekuwa mrefu ghafla nikiwa nimekaa.

Baba mkubwa akamuuliza mlezi kama chumba cha mama kina nafasi ya sanduku. Lile la bati, kubwa, la tangu aolewe. Mlezi akasema nafasi ipo. Baba mkubwa akasema basi atalituma kwa pikapu ya samaki wiki hiyo, maana haiwezekani mama akae mahali bila sanduku lake, watu watasema nini.

Wageni wakaaga. Kwetu mgeni husindikizwa na mwenye nyumba, na wakati ule wote nilipokuwa nashika fimbo, dani hakuwahi kumsindikiza mtu yeyote. Alibaki mlangoni akipunga mkono upande ambao alidhani watu wako. Sasa alichukua fimbo yake nyeupe, akasema twendeni, niwatoe. Mtoto alikimbia akamshika mkono.

"Shika," dani akamwambia, "lakini mbele naenda mimi."

Wakaenda hivyo kwenye njia ya changarawe, dani, na mtoto pembeni yake akirukaruka, na sisi wengine nyuma, na baba mkubwa akitembea polepole kama mtu aliye kwenye msafara wa harusi. Gari lilikuwa nje karibu na barabara. Simu yake ikalia kabla hajafungua mlango. Nilisikia upande wake tu. Hapana, hatuji naye. Hapana, si mgonjwa. Amekataa. Akanyamaza, akasikiliza, kisha akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii kulikuwa na majivuno ndani yake: "Nimekwambia amekataa. Na chai amemimina mwenyewe."

Mtoto alitoa kichwa dirishani, akapunga mpaka gari likazama kwenye magari mengine ya barabara ya Busia. Dani alisimama akisikiliza injini ile mpaka ikawa haitofautiki na nyingine.

"Niambie," akasema, "amepanda na uso gani?"

Nikamwambia alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa na maji.

"Hivyohivyo alikuwa," akasema dani, "siku ile nilipomwacha shule mara ya kwanza. Alinitazama hivyo kwenye ua. Kufika jioni hakutaka kurudi nyumbani." Akacheka peke yake, kisha akanisukuma kwa kiwiko. "Twende. Vyombo havijaoshwa, na yule mtu wa vitambaa ameachwa peke yake na mandazi."